Jinsi nilivyotatua maombi yaliyokuwa yakikauka katikati

Kila nikipiga magoti, maneno yaliniishia mapema na mawazo yakahamia kwenye shughuli za siku. Nilijaribu kuamka alfajiri, kufunga, hata kuandika orodha ya mahitaji. Hali ikarudi ile ile.

Kilichosaidia ni Zaburi ya 119. Ina mistari 176, katika mafungu 22 ya mistari 8. Nachukua fungu moja kwa siku. Nasoma mstari kwa sauti, nanyamaza kidogo, kisha namwomba Mungu neno hilo hilo kwa maneno yangu, nikitaja jambo halisi linalonikabili. Hiyo sauti ndiyo iliyoleta tofauti! Nikisoma kimoyomoyo akili hutoroka. Nikijisikia nikitamka, hutulia. Na fungu likiisha, sikimbilii la pili. Bwana asifiwe, sasa naitamani saa ya maombi.