Mtoto haachi shule Januari

Desemba Moshi inajaa. Barabara ya kutoka Himo inakuwa foleni tupu, makanisani watu wanasimama hadi nje, na kila mtu amerudi nyumbani na moyo wa kutoa. Hapa Mbuyuni, kwenye cherehani yangu, ndio msimu wa sare. Mjomba anamlipia mpwa. Jumuiya inaleta vipimo vya yatima. Kijana mwenye kazi Dar analeta orodha ya watoto wa mtaa aliokulia, anaacha hela yote kabla sijakata hata kitambaa. Nawaheshimu sana watu hawa. Bila wao, Januari ingewashinda wazazi wengi ninaowafahamu.

Lakini nimeshona sare miaka mingi, na jambo moja nimeliona likijirudia: mtoto wa nyumba yenye shida mara chache anaacha shule Januari. Januari ana sketi mpya, ana madaftari, ana hamu. Anaacha Machi. Anaacha Mei. Au shule zinafunguliwa Julai na yeye harudi, na hilo halitangazwi kanisani.

Watu huniuliza, si elimu ni bure? Ada imefutwa, ni kweli, na ni jambo kubwa. Shule ya msingi ilifutiwa ada mwaka 2001. Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada ya sekondari hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 kidato cha tano na cha sita nao wakaingia. Ila waraka uliofuata, namba 3 wa mwaka 2016, ulieleza wazi yanayobaki kwa mzazi: sare, madaftari na kalamu, matibabu, chakula cha mtoto anayesoma kutwa. Ukiwa na mshahara, hayo ni mambo madogo. Ukiwa kibarua wa mpunga kule Mabogini, unayelipwa siku ukiitwa na usilipwe usipoitwa, hayo ndiyo ada yenyewe.

Mwaka mmoja, mwezi wa nne, alikuja mama mmoja dukani kwangu. Hakuja kushonesha. Alitoa sketi ya shule kwenye mfuko, imefuliwa, imekunjwa vizuri.

"Dada fundi, utaninunulia hii? Bado mpya kabisa."

Niliijua kabla hajaifungua. Sketi za watoto wanaokua huwa naziachia pindo la vidole vinne, ili mwaka ujao ishushwe badala ya kununua nyingine. Lile pindo lilikuwa langu. Nilimuuliza mtoto yuko wapi.

"Yuko mpungani na wadogo zake, wanafukuza ndege. Shule wanataka mahindi na maharage ya chakula, na hela ya mpishi. Sina, dada. Akienda bila mchango anakaa pembeni wenzake wakila makande. Mwenyewe amesema haendi tena."

Anayefahamu mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, huko huko Mabogini, anajua habari ya ndege. Mpunga ukianza kutoa masuke, kwelea wanashuka kwa makundi, na lazima mtu akae shambani tangu alfajiri hadi jua lizame akipiga kelele na kurusha mawe. Mtu mzima anataka kulipwa kama mtu mzima, kwa hiyo wanawekwa watoto. Mtoto akishakosa wiki tatu hivi, hesabu zimempita, anaona aibu kurudi, na hapo njaa haina hata haja ya kumfukuza.

Aliyelipia ile sketi namkumbuka vizuri. Alikuwa mtu mwema, alilipia watoto wengi siku ile. Alisharudi kwake. Hakuwa na namba ya mama huyu, mama hakuwa na yake, na mwalimu wa darasa hakujua kwamba mtoto yule ana mfadhili. Kilichopungua kilikuwa debe la mahindi, maharage na hela kidogo. Kama angepigiwa simu angetuma jioni ile ile, sina shaka.

Mahindi yale tulinunua sisi, wanawake wa kikundi chetu cha VIKOBA, cha kuweka na kukopeshana, hapa sokoni. Mtoto alirudi, na sasa yuko sekondari. Kutokana na kisa kile tulikubaliana kwamba sehemu ya mfuko wetu wa jamii, ule tunaotumia kwenye misiba na ugonjwa, iwe ya wanafunzi. Mjadala ulikuwa mrefu. Wengine walitaka tugawe kidogo kidogo kwa watoto wengi, wengine walitaka wachache. Tuliishia kuchukua wachache, na kila tunayemchukua tunamshika mpaka amalize kidato cha nne. Inauma, kwa sababu kuna mama unamwambia hapana huku unamtazama usoni. Hata hivyo naamini tuliamua sawasawa. Watoto arobaini wenye madaftari ya miezi miwili, wakiacha shule Mei, hatujawasomesha.

Namna yetu ni rahisi. Kila mtoto ana mwanakikundi mmoja anayemfuatilia, na mwalimu wa darasa ana namba ya simu ya huyo mwanakikundi. Mtoto akikosekana siku mbili tatu, tunapigiwa. TASAF nao, ule Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa serikali, kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini, wanaangalia mahudhurio, angalau asilimia 80 ya siku za masomo, na nadhani hapo wamegusa penyewe. Rejesta inaonyesha tatizo mapema kuliko matokeo ya mtihani. Kwa wasichana inaonyesha hata tarehe: anakosa siku kadhaa, anarudi, mwezi ujao anakosa tena. Huyo anahitaji taulo za kike. Mwaka 2018 serikali iliondoa VAT kwenye taulo hizo, mwaka uliofuata kodi ikarudi. Mimi nashona za kufua, za flaneli na pamba, na kila binti wa kikundi anapewa za kubadilisha pamoja na chupi. Kusaidia elimu ya msichana ni pamoja na hilo, na wanaume wanaotoa michango wasione haya kulitaja.

Wazee wa huku hawatashangaa nikisema mtoto ashikwe mpaka mwisho. Kilimanjaro ilisomeshwa na kahawa. Tangu enzi za KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoundwa mwaka 1933, ukoo ulikuwa ukiuza kahawa na kumpeleka mtoto mmoja shule, na hakuachwa katikati, kwa kuwa baba wadogo na mashangazi wote walikuwa wametia mkono. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika, bei ikaanguka, na vihamba vyenyewe, yale mashamba ya ukoo yenye migomba na kahawa, vikazidi kugawanywa. Hela ilipungua kweli, lakini ile desturi ya kumfuata mtoto hadi amalize haihitaji kahawa. Jirani zetu Arusha wana The School of St Jude, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Gemma Sisia kutoka Australia, inayosomesha watoto wa familia maskini kwa fedha za wafadhili. Ninachokipenda pale ni urefu wa safari: mtoto anaweza kuanza msingi akafika kidato cha sita bado yuko mikononi mwao.

Kuna jambo la fedheha nalo sitaliacha. Begi lenye jina kubwa la mfadhili mgongoni linamtangaza mtoto kila asubuhi. Namjua binti aliyepewa viatu mbele ya paredi nzima, akapigwa picha ameviinua juu, na wenzake wakamwita "wa msaada" hadi akakataa kuvivaa. Sare za watoto wetu nazishona kwa kitambaa kile kile na mshono ule ule wa watoto wengine. Mtoto hapigwi picha. Anayetaka kujua hela yake imefanya nini anaonyeshwa risiti na ripoti ya shule, kwa ruhusa ya mzazi.

Kwa hiyo ninyi mtakaokuja Desemba hii, leteni ile hela ya sare, nitashona. Ila kabla ya kurudi mjini nendeni kwa mwalimu mkuu, mwachieni namba ya simu, chukueni ya mzazi na ya mwalimu wa darasa. Gaweni mlichonacho mara tatu: Januari, baada ya Pasaka, na Julai shule zinapofunguliwa. Kama mlipanga watoto kumi na hela haitafika Julai, chukueni wanne. Ulizeni chakula cha mchana kinachangwaje na mlipie mwaka mzima mapema, wakati wa mavuno mahindi yakiwa bei ya chini. Viatu nunueni vyenye nafasi kidogo mbele. Sketi na kaptula niachieni mimi, pindo la vidole vinne halina gharama ya ziada.