Nilivyokomesha nyufa kando ya weldi za stenlesi

Bomba la kugawia maji ya moto lililoletwa karakanani kwetu Mombasa liling'aa, halina kutu ya kuonekana. Nilipolipulizia rangi nyekundu ya kupenyeza, nikaifuta na kupaka unga mweupe, nyufa zilijichora kando ya weldi, zimetawanyika kama mizizi. Stenlesi za aina ya 304 na 316 hupasuka hivyo zikikutana na kloridi na mkazo unaovuta chuma, hasa maji yakizidi nyuzi 60 za Selsiasi hivi. Chumvi ilitoka kisimani, karibu na bahari. Mkazo uliachwa na weldi yenyewe: ikipoa husinyaa, na chuma cha kando hakiiachii.

Msimamizi wa mitambo, aliyezoea mabomba ya boila ya chuma cha kawaida, alitaka bomba jipya tulipashe nyuzi 650 baada ya kuchomelea, kisha lipoe polepole.

"Injinia," nikamwambia, "joto hilo litapunguza mkazo kiasi, lakini litakiharibu chuma chenyewe."

Stenlesi ya 304 huruhusiwa kaboni hadi asilimia 0.08. Ikikaa kati ya nyuzi 450 na 850, kaboni hiyo huishika kromi kwenye mipaka ya chembe ndogo zinazounda chuma. Kromi ndiyo kinga ya stenlesi dhidi ya kutu. Ikipungua mpakani chini ya asilimia 12 hivi, mpaka huliwa na ufa hupata njia.

Alitaka kuona, na alikuwa na haki. Nikachomelea vipande viwili vya 304. Kimoja nilikipasha 650 kwa saa kadhaa, kikapoa tanuruni. Kingine nilikipasha 1,050, nikakizamisha majini papo hapo. Nikavisugua hadi vikang'aa, nikavipitishia umeme ndani ya asidi ya oksaliki ya asilimia 10 kwa dakika moja na nusu, kama kiwango cha upimaji cha ASTM A262 kinavyoagiza. Chini ya hadubini, chembe za cha kwanza zilizungukwa na mitaro. Cha pili hakikuwa na mtaro hata mmoja. Injinia alitazama, akarudia kutazama, kisha akasema, "Basi 650 tuachane nayo."

Bomba jipya tulilitengeneza kwa 316L, yaani 316 ya kaboni kidogo, isiyozidi asilimia 0.03, tukalipasha kupita 1,050 na kulizamisha majini haraka, maana likichelewa hupita tena katika joto lile baya. Gamba jeusi tuliliondoa kwa asidi. Kwa anayenunua vyuma pwani, hili naliona kubwa kuliko yote: herufi L huilinda mipaka, ila haiondoi mkazo, na kloridi hupasua hata chuma ambacho mipaka yake ni mizima.

Tangi la maji ya moto la mtambo huo halikuenea tanuruni, na hata lingeenea lingepinda. Hilo nililijenga kwa stenlesi ya aina nyingine, 2205, inayohimili kloridi vizuri zaidi, bila kulipasha baadaye. Kabla ya kila tabaka jipya la weldi nilisubiri sehemu ishuke chini ya nyuzi 150, kwa sababu 2205 ikikawia kati ya nyuzi 600 na 950 hupoteza ushupavu na kinga yake pia.