Mama aliyefunga gazeti lake mwenyewe

Marehemu baba aliuza magazeti hapa Mwanga, Kigoma. Yalikuja na treni. Treni ikichelewa tulipata ya juzi. Ikikwama njiani, wazee walifika kibandani, wakauliza, wakaondoka mikono mitupu. Tangu utotoni nilijua gazeti lisipotoka ndipo watu hulitafuta hasa.

Ndiyo maana habari ya Eleni Vlachou, mama wa Ugiriki, imenikaa moyoni. Baba yake, Georgios, alianzisha gazeti la Kathimerini mjini Athens mwaka 1919, na alipofariki mwaka 1951 binti akashika usukani. Tarehe 21 Aprili 1967 wanajeshi wakapindua serikali. Magazeti yakaruhusiwa kutoka, ila habari zikaguliwe kwanza. Kathimerini lilikuwa la wahafidhina, na wakubwa wale walitarajia liwaunge mkono. Mama yule akafunga Kathimerini, akafunga na la mchana, Mesimvrini. Hakufungiwa. Alifunga mwenyewe.

Nawafikiria wafanyakazi wake. Sisi treni ikikosekana siku tatu tulikopa dagaa kwa mama jirani, na baba hakuongea mezani. Kufunga mlango unaokulisha, tena kwa mkono wako, si jambo dogo. Hata hivyo naamini alifanya sawa: msomaji aliyezoea kukuamini usimuuzie maneno ya askari kwa jina lako.

Akamwita Pattakos, mmoja wa viongozi wa mapinduzi, mchekeshaji, tena kupitia gazeti la Italia. Wakamweka kizuizini nyumbani kwake. Desemba mwaka huohuo akapaka nywele kiwi nyeusi ya viatu, akatoroka hadi London. Utawala ule ulipoanguka mwaka 1974 alirudi, na Kathimerini likachapwa tena.

Kinachoniuma ni mwaka 1987. Alimuuzia gazeti George Koskotas, mwenye Benki ya Krete. Mwaka uliofuata Koskotas akakimbilia Marekani akidaiwa kuiba mamilioni ya benki hiyo, na kashfa ikaitikisa serikali nzima ya Ugiriki. Gazeti aliloliokoa kutoka kwa wanajeshi, kulitia mikononi mwa mtu yule! Nimejaribu kumsamehe, bado sijaweza.

Baba naye alipochoka, alikuja kijana kununua kibanda. Baba akamwuliza, "Mwanangu, utauza magazeti?" Kijana akasema atauza vocha. Baba alikaa wiki nzima bila kumjibu. Jumamosi akamkabidhi funguo, na benchi la wazee akalibeba nyumbani.