Notisi ya Kero na Mbuzi Wangu wa Kisauni

Kiwanja tulichoachiwa na marehemu baba kiko Kisauni, Mombasa, na kwa miaka mingi nimelima humo mchicha, mabamia na muhogo chini ya minazi, huku nikifuga mbuzi 12 nyuma ya nyumba. Jirani alipolalamikia harufu, afisa wa afya aliniletea notisi ya kuondoa kero. Nami, kwa hasira zaidi kuliko busara, niliazimia kuthibitisha kwamba shamba langu linalindwa na sheria.

Nilianza vibaya. Niliishika Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, nikiamini kuwa maneno "ardhi ya kilimo" yangenikinga. Humo nilikuta kwamba ardhi ya kilimo ni ile isiyokuwa ndani ya manispaa wala mji, isipokuwa Waziri awe ameitangaza hivyo katika Gazeti Rasmi, na kiwanja chetu hakimo katika tangazo lolote nililoonyeshwa. Hata kingekuwamo, nisingefaidika sana, kwa sababu sheria hiyo inahusu kuuza, kugawanya na kukodisha, mambo ambayo hubatilika yasipopata idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Haisemi lolote kuhusu jirani anayeziba pua.

Bwana shamba wa wadi yetu ndiye aliyenielekeza kwenye Sheria ya Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya 2013, ambayo inakihesabu kilimo kwa upana: bustani, matunda, ng'ombe wa maziwa, nyuki na ufugaji kwa jumla. Nilifurahi, mpaka aliponionyesha Jedwali la Nne la Katiba, ambapo kilimo ni kazi ya kwanza ya kaunti na udhibiti wa kero za umma umo katika kazi ya tatu. "Mwanangu," aliniambia, "anayekuruhusu kufuga ndiye huyo huyo anayeweza kukuuliza habari za mavi."

Hapo nikaisoma notisi upya, safari hii kwa utulivu. Ilitegemea Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na haikuwa imeandika popote kwamba mbuzi waondoke. Kosa lilikuwa namna banda lilivyotunzwa, na kwa kweli lilikuwa limeegemea ukuta wa jirani, mkojo ukituama kwenye udongo. Kama ningeenda mahakamani kutetea haki ya kulima, ningekuwa najibu swali ambalo hakuna aliyeniuliza.

Nililihamishia banda upande wa pili wa kiwanja, nikamwaga sakafu ya saruji yenye mteremko, nikachimba shimo la samadi lenye mfuniko, kisha nikamwandikia afisa barua ya kueleza kila nilichofanya na kumwomba aje akague kabla ya muda wa notisi kwisha. Barua hiyo naiona kuwa muhimu kuliko saruji, maana ilibaki kwenye faili nakala yake ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Alikuja, akazunguka, akanusa, akaandika kwamba kero imeondolewa.

Suala la matumizi ya kiwanja chenyewe, linalosimamiwa na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, bado sijaligusa. Mbuzi sasa ni 9. Watatu waliuzwa kulipia saruji.