Hodi kwenye Mikoko: Kumbukumbu ya Mradi, Tanga

Mradi ni huu: mara mbili kwa mwezi, kukaa kimya pwani kwa mazoezi ya Ubuddha, huku tukishika adabu ambazo wenyeji wa Tanga huzishika wanapoingia mahali pa mizimu. Hatuchanganyi dini. Tunatafuta kila upande unamwambia nini mgeni anayeingia mahali penye wenyewe.

Siku na saa

Wabuddha wa Theravada, tawi la kale la dini hiyo, hushika siku ya Uposatha, yaani siku ya ibada na kujizuia, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kwa mtu wa pwani hizo ndizo siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, kwa hiyo kalenda ilijipanga yenyewe. Siku za bamvua hapa Tanga maji hupwa kabisa karibu na saa nne asubuhi. Tunaingia saa mbili na nusu, maji yakiwa yanatoka, na kuchomeka kijiti pale pale yalipofika. Yakirudi kugusa kijiti, kwenye saa tano na nusu, kikao kimekwisha. Simu haihitajiki.

Ndani ya muda huo ni mikao minne ya dakika 25, na katikati yake kutembea polepole kwa dakika 15: hatua 30, geuka, hatua 30. Dakika 35 zinazobaki ni za kuingia na kutoka bila haraka.

Vikao vya mwanzo viliharibika kwa sababu ya tarehe. Maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, hivyo ukiahirisha kwa siku tatu, saa zote zimeshasogea zaidi ya saa mbili. Ukiahirisha kwa wiki nzima unaangukia maji mafu: bahari haiendi mbali, tope halipati nafasi ya kukauka, na hakuna pa kukaa. Muulize mvuvi kabla ya kupanga.

Vifaa

Mkeka unalowa na kigoda kinazama. Kilichofaa ni kigoda kilichopigiliwa kwenye ubao wa sentimita 30 kwa 40. Miguuni yeboyebo zenye mkanda wa nyuma. Ndala hubaki topeni. Maji ya kunywa lita moja na nusu, kofia, na dawa ya mbu.

Juu ya nchi kavu mambo ni mengine. Usikae chini ya mnazi wenye nazi. Kabla ya kukaa chini ya mbuyu tazama juu kama kuna nyuki, kisha tazama chini kama siafu wanapita. Kiangazi, angalia upupu upande upepo unakotoka. Vumbi lake likikupata, kikao kimeishia hapo.

Kupumua na mchu

Mahali palipofaa kuliko pote ni chini ya mchu, aina mojawapo ya mikoko, upande wa Tongoni, barabara ya Pangani. Mlilana, mkoko mwingine, nao una mizizi ya kupumulia, lakini ya mchu ni myembamba kama penseli, imesimama wima topeni kwa mamia, urefu wa shubiri moja hivi. Ina vitundu vidogo vinavyovuta hewa maji yanapopwa, kwa kuwa ndani ya lile tope jeusi hewa ni haba. Zoezi la Buddha la kuangalia pumzi huanza na jambo dogo tu: pumzi ndefu, jua kuwa ni ndefu, fupi, jua kuwa ni fupi. Hapo unalifanya ukiwa katikati ya mti ambao nao ndio saa yake ya kuvuta hewa.

Jani la mchu ukilishika juani utaona chembe nyeupe. Ramba: ni chumvi, mti unaitoa kwa majani. Usiache kuramba. Akili iliyoanza kuzurura hurudi mara moja.

Kipimo cha utulivu ni kaa wadogo wenye gando moja kubwa. Ukifika, wote huingia mashimoni. Ukitulia kweli, baada ya dakika tano hadi kumi wanatoka na kuanza kupunga magando. Ukikuna shingo, wanapotea, na unaanza upya. Hakuna mwalimu aliye wazi kuliko hao.

Kosa kubwa hapa ni kukanyaga mizizi. Ikivunjika kwa wingi mti unakosa hewa. Pita njia waliyoizoea waokota chaza, hata kama ni ndefu.

Hodi

Hapa ndipo mradi uliponenepa. Katika vitabu vya nidhamu ya watawa wa Kibuddha kuna kisa cha mtawa wa Alavi aliyekata mti. Kiumbe asiyeonekana aliyekaa humo alimsihi asimvunjie makazi; mtawa hakusikia, na shoka likampata mtoto wa kiumbe yule mkononi. Kiumbe yule akaenda kushtaki kwa Buddha, naye Buddha akampa mti mwingine wa kukaa, kisha akawakataza watawa kuharibu mimea. Hata mafundisho ya metta, yaani kuwatakia viumbe wote heri, wafafanuzi wa kale wanasimulia kwamba yalitolewa kwa watawa waliosumbuliwa na wenye miti baada ya kuingia msituni mwao. Mzee yeyote wa Kidigo au Kibondei angewauliza swali moja: mlibisha hodi?

Kwa hiyo sasa kila kikao huanza kwa hodi, tukiwa tumesimama nje ya kivuli cha mti wa kwanza, kisha maneno ya metta kwa Kiswahili. Maneno hayo yametusumbua. "Viumbe wote wawe na raha" yanawachukua kaa na ndege kwa ngeli ya mtu, lakini je, mchu? Kiswahili kinasema mti umekauka, mto umejaa, na vilevile mzimu umekasirika. Mzimu una hasira na kumbukumbu, ila lugha imeuweka pamoja na mti na mto. Kwa sasa tunasema sentensi mbili, ya pili ikiwa "na miti iwe na raha".

Tofauti nayo tusiifiche. Mizimu ya hapa ni watu wa ukoo, wana majina na madai. Ubuddha hausemi kuna nafsi ya kudumu ya kudai chochote. Ukitambika kwa nia ya Kibuddha, unamdanganya mwenye tambiko. Hivyo ubani na vitambaa hatugusi.

Amboni

Mapango ya Amboni, kaskazini mwa jiji, yana sehemu ya mzimu inayotumika hadi leo. Hapo si mahali pa kujaribia mazoezi. Tuliishia mlangoni: humo ndani mna popo, vumbi la kinyesi chao lina madhara kwa mapafu, na moshi wa udi huwafukuza. Picha usipige kabla ya kuomba.

Jambo la mwisho kwa anayetaka kuanza: mwambie mwenyekiti wa kitongoji mapema. Mtu aliyekaa peke yake alfajiri chini ya mbuyu, Tanga hii, ataitwa mchawi kabla jua halijapanda.

Kinachofuata ni mikuyu ya kando ya mto Mkulumuzi. Mti wa Bodhi, ambao Buddha alipata mwangaza akiwa chini yake, na mkuyu ni jenasi moja. Ruhusa imeombwa kwa wazee, jibu bado. Mpaka lije, bamvua ijayo ni kwenye mchu.