Nyumba ya Texas na mahindi ya mdogo wangu

Dada yangu, yule mtoto wa mama mdogo aliye Texas, alinipigia WhatsApp juzi usiku akaniambia amenunua nyumba na pesa zake za uzeeni. Nikamwambia hongera, kumbe hata huko wanawaruhusu kuzitoa mapema kama sisi huku Uganda? Akacheka sana. Hajatoa hata senti, nyumba imenunuliwa na akaunti yenyewe na hati imeandikwa kwa jina la akaunti.

Yeye ni nesi, alipobadilisha hospitali akahamisha 401(k) yake, ile akiba ya uzeeni ya kazini, akaiweka kwenye ile IRA, akaunti ya uzeeni ya mtu binafsi, ya kujiendeshea mwenyewe, yaani kuna kampuni inashika akaunti lakini wewe ndo unaamua inunue nini, hisa, nyumba, dhahabu ya viwango fulani, hata sehemu ya kampuni changa ambayo haiko sokoni. IRA zipo tangu sheria ya 1974. Michoro ya sanaa na bima ya maisha ndo hawataki.

Mimi kusema kweli uhuru huo haukunishtua, kilichonishtua ni masharti. Ile nyumba yeye mwenyewe haruhusiwi kulala humo hata usiku mmoja. Mume wake hapana, watoto hapana, mama yake aliyemzaa hapana. Bomba likipasuka hawezi kuchukua spana akakaza mwenyewe, fundi analipwa na akaunti, na kodi ya mpangaji inarudi hukohuko kwenye akaunti. Akikosea, serikali inahesabu kama ametoa pesa yote mwaka huo, anatozwa kodi, na kama hajafika miaka 59 na nusu anaongezewa faini ya asilimia 10 juu.

Nikanyamaza kwenye simu. Nilikuwa nafikiria mahindi.

Maana mimi nilikuwa kwenye wale wa kwanza. Sheria ya NSSF, mfuko wetu wa akiba ya uzeeni, iliporekebishwa 2022, ukiwa umefika miaka 45 na umeweka akiba miaka 10 unaweza kuchukua asilimia 20 ya ulichonacho. Mimi nilipata milioni 14 na kidogo. Milioni 9 nikanunua kiwanja huko mbele ya Wobulenzi, nikarudi zangu Bombo natembea kama mzee wa maana. Msimu wa kwanza mdogo wangu akaniambia kaka hiki kiwanja kimekaa bure, acha niweke mahindi kidogo. Sawa. Msimu wa pili kukawa na mahindi na maharage. Mwaka uliofuata napita pale nakuta matofali, mtoto wake amepata mke na anaanza muzigo, kale kanyumba, wa vyumba viwili, na kila mtu ananiangalia mimi kama nimeleta chakula. Sasa banange, utamfukuza mtoto wa ndugu yako mbele ya chairman wa LC1, yule mwenyekiti wa kijiji?

Ile asilimia 80 niliyoiacha ndani nayo ilikuwa inapata faida kimyakimya, kwa mwaka wa fedha 2023/24 NSSF ilitoa asilimia 11.5. Huko siamui mimi, wanaamua wao, nyingi wanaziweka kwenye bondi za serikali na zingine kwenye hisa na majumba kama yale ya Lubowa. Zamani nililalamika sana kwamba kwa nini nisichague mwenyewe. Siku hizi nalalamika taratibu.

Kilichobaki, milioni 3 nilipeleka kwenye bondi za serikali, unafungua akaunti ya CSD, ile ya kutunzia bondi, ya Benki Kuu kupitia benki yako, hata laki moja unaanza nayo, na kila miezi sita riba inaingia. Kodi wanakata asilimia 20, lakini bondi ya miaka 10 kwenda juu wanakata 10, kwa hiyo nilichukua ndefu. Nyingine nikanunua hisa za MTN, kampuni ya simu, zile zilizouzwa shilingi 200 kwenye IPO ya 2021, yaani zilipouzwa kwa umma mara ya kwanza. Gawio si la kujengea ghorofa na linakatwa asilimia 10, ila linaingia.

Na uzuri wa bondi ni hili: mtu akija na shida namwambia pesa ziko kwenye bondi. Hakuna anayejua namna ya kuomba nusu ya bondi. Kwenye bondi huwezi kupanda maharage.

Jana nikaenda kumsalimia mama mdogo, nikamweleza habari za nyumba ya binti yake, maana anapanga kwenda kumtembelea na alishasikia kuna nyumba. Nikasema hutaruhusiwa kulala humo, sheria imetaja wazazi. Akauliza, na wewe? Nikamwambia sisi ndugu hatumo kwenye orodha, kaka na dada hawakutajwa, mpwa hakutajwa.

Akaweka kikombe chini. "Mimi niliyemzaa nikalale hoteli, halafu wewe na mdogo wako mkaingie na majembe yenu?"