Siku yangu kama bibi shamba: chui, mbuzi na kutu ya kahawa

Saa 12 asubuhi chai na kiazi, pikipiki, naanza kupanda mlima kwenda Uru, Kilimanjaro. Saa 2 ofisini kata: kuandikisha wakulima wa mbolea ya ruzuku. Foleni, vitambulisho, mtandao unakatika. Kawaida.

Saa 4 simu. “Bibi shamba, njoo upesi, chui kaua mbuzi!” Nikasema hiyo ni kazi ya watu wa wanyamapori. “Kwani wewe si wa serikali?” Nikaenda.

Kihamba cha mzee mmoja, yaani shamba la kahawa kuzunguka nyumba yake, kimejaa watu. Mbuzi kakabwa koo, chui katokea msituni usiku, kila mtu ana la kusimulia. Mimi macho yangu yakawa kwenye mibuni. Nikageuza jani: chini, unga wa rangi ya machungwa. Lingine, vilevile. Kihamba kizima.

“Shikamoo mzee. Hii ni kutu ya majani, ugonjwa wa kuvu.”

“Marahaba. Hilo vumbi la barabara.”

Barabara yenyewe iko mbali. Hapo ndipo saa zangu zilipoishia. Akaniuliza kama kutu ina meno, watu wakaangua kicheko. Nikamwambia: chui anaua, anakula, anarudi msituni. Kutu haitaki mbuni ufe, maana inaishi kwenye jani bichi tu. Jani likilowa mvua, inapenya kwenye vitundu vya upande wa chini, inanyonya, jani linapukutika, na msimu unaofuata matawi hayana nguvu ya kuzaa. Kule Sri Lanka kutu hii ilionekana mwaka 1869, na mashamba ya kahawa ya huko yakaishia kuwa ya chai.

“Chui nyayo zake nimeziona,” akasema. “Huyo wako hana nyayo.”

Nikarudia. Akarudia. Jua kali, njaa, na mimi bado nimeshika jani. Kinachoniuma ni kwamba kwa hasara ya mnyamapori kuna kifuta machozi, pesa kidogo ya pole kutoka serikalini. Kwa kutu hakuna, ingawa kihamba hiki kitapoteza kahawa ya thamani kuliko mbuzi yule.

Afisa wanyamapori alipofika wote wakamkimbilia. Nikabaki na mjukuu wa mzee. Huyo alisikiliza: punguza matawi hewa ipite, dawa ya kopa (shaba) ipigwe mapema na ifike chini ya jani, na pale pengo lilipo panda miche inayostahimili kutu kutoka Lyamungu, kituo cha utafiti wa kahawa. Akaandika kwenye simu yake.

Nimefika nyumbani giza limeingia, mgongo hauniamini tena. Simu ikaita: mzee. Nikafurahi, nikajua ni kutu.

Alikuwa anauliza fomu ya kifuta machozi inajazwa wapi.